Mtu wa Theluji Aliyerudishwa Mlangoni

Marthe alipolazwa, daktari alimpa masharti machache tu: asinyanyue kitu, asipande ngazi, asishuke kitandani ila kwa haja, mpaka mtoto aliye tumboni apate nguvu za kuja duniani. Ilikuwa mwishoni mwa Juni. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya baridi, na chekechea aliyosoma Hénock nayo ilikuwa imefunga milango. Basi André, ambaye tangu afike Johannesburg kutoka Uvira alikuwa akilinda mageti ya watu, aliomba likizo kazini akabaki nyumbani Rosettenville kuwalinda wanawe wawili.

Kulinda alikujua. Kilichomshinda ni kile kinachofuata baada ya kulinda. Héritière alikuwa na miaka sita, Hénock minne. Asubuhi walikunywa uji, wakavaa makoti, wakaketi kwenye kochi na kumtazama. Naye akawatazama. Nje nyasi za uani zilikuwa zimekauka mpaka zikawa na rangi ya mkate, na umande ulikuwa umeganda juu ya vioo vya magari. Ndani kulikuwa na hita ndogo ya gesi ambayo André aliiogopa kwa sababu ya watoto, akawa anaiwasha kidogo na kuizima, anaiwasha na kuizima, kama mtu asiyejua anataka nini.

Marthe alipokuwepo, nyumba hii haikuwahi kumwuliza André afanye nini na watoto. Marthe alikuwa msusi. Wateja wake waliketi sebuleni, watoto wakicheza miguuni pao, redio ikiimba, na siku ikaisha yenyewe. Sasa siku ilisimama katikati ya chumba kama kabati kubwa lisilopita mlangoni. Umeme ukakatika, televisheni ikazimika, Hénock akaruka kutoka juu ya kochi akapasua mdomo, Héritière akalia kwa sababu Hénock analia. André akawakaripia wote wawili, kisha akajuta, kisha akawakaripia tena.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Mwalimu Kagendo wa ghorofa ya juu, mama wa Kikenya aliyefundisha chekechea huko Kensington na ambaye naye alikuwa likizoni. Alikuwa amejifunga shuka la Kimasai begani juu ya sweta, na mkononi ameshika mfuko mkubwa wa plastiki.

"Baba Héritière, shikamoo ya jirani naona sitaipata leo," alisema. "Tangu asubuhi nasikia kilio tu."

"Unisamehe, Mwalimu. Hawa watoto sijue wanataka nini."

"Wanataka kazi." Akaingia bila kungoja kukaribishwa, akamwaga mfuko wake mezani. Kulikuwa na mabaki ya nyuzi za sufu za kila rangi, vipande vya boksi, gundi, mikasi midogo yenye ncha za mviringo, na soksi kuukuu zilizofuliwa. "Mtoto wa umri huu ukimwambia akae, hajui kukaa kunafanywa namna gani. Mpe kitu mkononi, atakaa mwenyewe. Haya, tutoke. Humu ndani kuna baridi kuliko nje."

Ilikuwa kweli. Katika uwanja wa nyuma kulikuwa na ukuta unaotazama kaskazini, na jua la baridi lilikuwa limeupiga tangu asubuhi mpaka matofali yakawa na joto kama mgongo wa ng'ombe. Wakatandika mkeka chini ya ukuta huo. Kagendo akaanza na mipira ya sufu, kwa sababu, alisema, hakuna mtoto anayeweza kuiharibu.

"Nani ana mkono mkubwa hapa?" aliuliza.

Watoto wakamtazama baba yao. André akaunyoosha mkono wake, vidole vinne pamoja, na Héritière akaanza kuuzungushia uzi mwekundu, taratibu, akihesabu kwa Kizulu chini chini. Uliponenepa vya kutosha, Kagendo akauchomoa kwa uangalifu, akaukaza katikati kwa uzi mwingine, akamwonyesha Hénock pa kukata huku na huku. Hénock alikata huku ametoa ulimi nje. Nyuzi zikafumuka zote kwa pamoja zikawa mpira wa duara, laini, mnene kama kifaranga.

Hénock akaushika, akaupeleka shavuni. "Tena," alisema.

Wakafanya tena. Asubuhi yote André aliketi mkono ukiwa umenyooshwa kama mti wa kuanikia nguo, watoto wakimzunguka na nyuzi zao. Alikuwa amezoea kukaa bila kutikisika. Ndiyo kazi yake. Lakini hakuwahi kukaa hivyo huku mtu akimpumulia kwenye kifundo cha mkono na kumwambia, "Papa, usisogee."

Jambo jingine alilolitambua siku hiyo ni kwamba binti yake alikuwa akimsikiliza. Héritière alizaliwa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili alikielewa, ila akijibu alijibu kwa Kiingereza, na akicheza alicheza kwa Kizulu, na André alikuwa amezoea kuzungumza naye kama mtu anayerusha jiwe ng'ambo ya mto bila kujua kama limefika. Sasa alimwambia, "Leta uzi wa manjano," ukaletwa wa manjano. "Kaza kidogo," akakaza. Hakukuwa na haja ya kumjibu.

Siku iliyofuata Kagendo alikuja na kitabu cha picha. Kilikuwa na mtu wa theluji, mweupe, mnene, mwenye kofia na pua ya karoti. Hénock alimtaka papo hapo.

"Lakini hapa hakuna theluji," Héritière alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayemaliza shauri.

"Kwetu Meru ipo," Kagendo alimjibu. "Iko juu kabisa mlimani. Nikienda shule niliiona asubuhi, kabla mawingu hayajaifunika. Sijawahi kuigusa mpaka leo. Kwa hiyo sisi tutatumia mchele."

André akatoa soksi yake nyeupe iliyopoteza mwenzake. Wakaijaza mchele kwa kikombe, wakaifunga kwa raba shingoni na kiunoni, na sehemu ya juu iliyobaki wakaikata ikawa kofia. Hénock alitengeneza wake upesi, akampa macho matatu, akaenda kukimbiza paka wa jirani. Héritière alikaa na wake asubuhi nzima. Alichagua vifungo kutoka kopo la mama yake la kushonea, akavirudisha, akachagua vingine. Mwishowe jicho moja likawa kifungo kikubwa cheusi na la pili kidogo cha buluu, na kwa sababu hiyo yule mtu alionekana kama anayemkonyeza anayemtazama. Akamfunga skafu ya uzi mwekundu. Akampa jina la Mkhulu, yaani babu, kwa Kizulu. Kisha akamweka mikononi mwa baba yake.

"For Mama," alisema, na baada ya kufikiri akaongeza kwa Kiswahili, kana kwamba ujumbe huu ulipaswa kufika kwa lugha ya mwenyewe: "Ya kulala naye."

Watoto hawakuruhusiwa wodini. André ndiye aliyekwenda kila siku saa ya kuona wagonjwa, Kagendo akibaki na watoto. Simu ya Marthe ilikuwa imeingia maji bafuni siku ile ile aliyolazwa, kwa hiyo habari zote kati ya nyumba na hospitali zilipita kinywani mwa André peke yake.

Siku hiyo alifika mlangoni pa wodi akiwa amemshika Mkhulu mkononi kwa fahari kidogo. Sista wa zamu, muuguzi mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akampokea, akamminya tumbo, akasikia mchele.

"Nani amemtengeneza?" aliuliza.

"Binti yangu."

"Ni mzuri. Lakini nafaka haziingii humu, baba. Zinaleta wadudu, na mle ndani kuna vichanga. Mrudishe nyumbani tu."

Hakusema kwa ubaya, na André hakuwa mtu wa kubishana na mlinzi wa mlango. Akamtia Mkhulu mfukoni mwa koti. Alipofika kitandani alimkuta Marthe amelala kwa ubavu, uso umesawijika, maumivu yamekuja tangu asubuhi. Muda wote wa kuonana aliumaliza akimshika mkono, na habari ya mtu wa theluji ikamtoka kabisa akilini.

Aliporudi, Héritière alikuwa amesimama kwenye ngazi akimngoja. Alimtazama tu, amekunja vidole vya mikono yote miwili.

André alikuwa amechoka, na uso ule ulikuwa umejaa matumaini mno. "Amependa sana," alisema. "Amemweka kitandani, kando ya mto."

Usiku, watoto walipolala, alimpandisha Mkhulu juu ya kabati la nguo, akamsukuma nyuma ya sanduku la safari.

Angeweza kuishia hapo, lakini uongo wa namna hii unataka kulishwa. Kesho yake Héritière alitaka kujua Mkhulu amelalaje. André akasema amelala vizuri, ila anakoroma. Siku iliyofuata masista walimcheka jicho lake. Siku nyingine alianguka chini ya kitanda, mama akamwomba mfagiaji amwokote. Hénock alicheka mpaka akashika tumbo. André mwenyewe alianza kuipenda kazi hiyo; njiani kurudi nyumbani alikuwa akitunga la kusema, na kwa mara ya kwanza watoto walikuwa wakimkimbilia mlangoni.

Kisha baridi ikazidi. Upepo ulitoka kusini na kuingia chini ya milango, na kila mtu mtaani alitembea mabega yakiwa masikioni. Siku hiyo André alikuwa hospitali. Hénock alikuwa akitetemeka, na Kagendo akauliza kama kuna blanketi jingine. Héritière alijua lilipo. Akasogeza kiti kwenye kabati, akapanda, akavuta blanketi lililokuwa limekunjwa kando ya sanduku, na pamoja na blanketi kikaja kitu kizito chenye skafu nyekundu kikaanguka sakafuni.

Kagendo alisimulia baadaye kwamba mtoto hakulia. Alishuka, akakiokota, akakipangusa vumbi, akaenda kukiketisha mezani. Kisha akamfunika mdogo wake.

André aliingia na mfuko wa mikate midogo ya moto kutoka kwa Mreno wa pale kona, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa tayari mdomoni. "Leo Mkhulu," alianza, akamwona.

Mkhulu alikuwa akimkonyeza kutoka katikati ya meza. Héritière alikuwa ameketi upande wa pili, mikono mapajani.

"Papa," alisema. Akaendelea kwa Kiswahili, kimoja kimoja, kama anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. "Mama amekufa kama mzee Sidney?"

Mzee Sidney alikuwa mpangaji wa chumba cha uani, Mkenya mpole aliyewapa watoto karanga za kukaanga. Mwezi wa nne gari la wagonjwa lilimchukua, hakurudi. Watu wazima wa nyumba ile, André akiwa mmojawapo, waliwaambia watoto kwamba mzee amesafiri. Watoto wakubwa wa jirani ndio waliowaambia alikosafiri.

André akaweka mikate chini. Akapiga magoti hapo hapo sakafuni.

"Hapana. Mama yenu yuko muzima. Nimetoka kwake sasa hivi."

"Ulisema amemweka kando ya mto."

"Nilisema."

"Ulisema anakoroma."

"Nilisema uongo, Héritière. Walimkataa mlangoni kwa sababu ya mchele. Nikaogopa utalia. Nikamficha, na nikasema uongo, na kila siku nikaongeza mwingine." "Lakini Mama yuko. Hiyo si uongo."

Héritière akaitikia kwa kichwa. Aliitikia upesi mno, kama mtoto anavyomwitikia mtu mzima anayemwonea huruma, na André akajua hajaaminiwa hata kidogo.

Kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, alimpigia Kagendo kwa simu yake ya vitufe akampa Marthe azungumze. Kagendo akamwekea mtoto simu sikioni. Marthe alikuwa mchovu. Alizungumza polepole, na laini ilikuwa ikikatika. Héritière alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaurudisha mkono wa Kagendo taratibu.

"Huyu si Mama," alisema. "Mama hazungumzi hivyo."

Marthe, upande wa pili, alisikia. André alimwona akigeuzia uso ukutani.

Jioni hiyo Kagendo na André walisimama kwenye korido huku mikono imo makwapani. "Nimpelekee picha?" André aliuliza. "Naweza kuazima simu yako."

"Atasema ni ya zamani. Baba Héritière, usimwambie tena kitu, wala usimpelekee kitu. Mwonyeshe mama yake."

"Hawaruhusu watoto."

"Basi waulize wanaruhusu nini."

André hakuwa na mazoea ya kuomba. Katika kazi yake yeye ndiye aliyeombwa, na alijua jinsi mtu wa mlangoni anavyochoshwa na hadithi za watu. Lakini alikwenda kwa yule sista mwenye miwani, akamweleza yote, tangu mtu wa theluji mpaka simu, bila kujipendelea. Sista alimsikiliza akiendelea kukunja mashuka.

"Yule wa jicho la buluu?" aliuliza. "Kumbe hukumwambia mtoto kwamba mimi ndiye niliyemkataa. Ungesema ni mimi, baba. Mimi nimezoea kukasirikiwa." Akakunja shuka la mwisho. "Sheria inasema watoto wasiingie wodini. Haisemi chochote kuhusu nyasi zilizo chini ya dirisha. Jumamosi niko zamu. Saa tisa nitamsogeza mkeo kwa kiti cha magurudumu, dakika chache tu. Lakini hii ni ghorofa ya tatu, na chini pale hupita watu wengi. Shikeni kitu atakachokiona."

Hapo ndipo kazi ilipowajia. André aliwakusanya watoto chini ya ukuta wa jua, akawaeleza kitakachotokea, na pia asichokijua. "Tutasimama chini. Mama atakuja kwenye dirisha. Daktari akimkataza, hatakuja, tutarudi siku nyingine. Tunataka kitu kikubwa akione."

Héritière alifikiri. "Mipira," alisema.

Walitengeneza mipira ya sufu siku mbili mfululizo. Nyuzi za Kagendo zikaisha. Kagendo akafumua sweta lake la zamani. Zilipoisha na hizo, Mama Lorraine wa ng'ambo ya barabara, aliyesikia habari kwenye duka la spaza, akaleta skafu mbili za mwanawe aliyekwisha kukua. Vidole vinne havikutosha tena. André alikaa na kiganja kizima wazi, kisha wakazungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, wakapata mipira mikubwa kama vichwa vya kabichi. Hénock alikuwa fundi wa kukata. Kila alipokata alijitenga hatua moja kuangalia sufu ikifumuka, kana kwamba huenda mara hii ingekataa. Héritière alipanga rangi: nyekundu, manjano, nyekundu, manjano, na katikati mmoja mweupe. Wakati mwingine aliinua macho akamtazama baba yake, kisha akarudi kwenye uzi. André hakumhimiza wala hakumwahidi zaidi ya alichokwisha kusema.

Mwishowe wakaitunga mipira yote kwenye kamba ndefu, na kamba wakaifunga kwenye mpini wa ufagio, juu mpaka chini, ikawa kama mti uliochanua peke yake katikati ya baridi.

Jumamosi André aliamka mapema kumtengeneza binti yake. Nywele za Héritière zilikuwa hazijasukwa tangu mama yake aondoke. Alijaribu mafungu mawili. Moja likaelekea dirishani, jingine likaelekea mlangoni. Alijaribu matatu. Akapaka mafuta mengi mno. Akafunga raba, raba ikakatika. Hatimaye akachukua mipira midogo iliyobaki akaibandika pale palipoharibika zaidi, na Héritière, aliyekuwa amevumilia yote bila kulalamika, akajitazama kwenye kioo na kusema, "Eish, Papa."

Gari dogo la Kagendo liliwabeba wote, mpini wa ufagio ukitoka dirishani, mipira ikipepea. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, zilipokuwa nyekundu, dereva wa gari la pembeni aliteremsha kioo akauliza kama wanauza. Hénock akamjibu kwamba ni ya mama.

Nyasi za chini ya wodi zilikuwa kavu, zikivunjika kwa sauti chini ya viatu. Jua lilipiga vioo vya ghorofa zote, na kwa sababu hiyo kila dirisha lilikuwa jeupe, tupu, bila mtu. Walisimama. André aliinua mpini juu kadiri mkono wake ulivyofika. Watu waliokuwa wakipita na mifuko ya matunda walipunguza mwendo, wakatazama juu nao, ingawa hawakujua wanatazama nini.

Muda ukapita. Hénock akasema vidole vyake vinauma. Héritière alikuwa ameanza kutazama chini, kwenye nyasi, na André aliona jambo hilo na mkono wake ukazidi kuwa mzito.

Ndipo dirisha moja la ghorofa ya tatu likafunguka kidogo, kadiri madirisha ya hospitali yanavyoruhusiwa kufunguka. Kukatokea miwani iliyoning'inia, kisha ikaondoka. Nyuma yake kukawa na mtu ameketi, amefungwa kilemba cha rangi ya chungwa. Uso haukuonekana vizuri. Ungeweza kuwa uso wa mama yeyote.

"Ni Mama?" Hénock aliuliza.

Héritière alikaza macho, mdomo umebana. André alitaka kusema ndiyo. Akajizuia.

Yule mtu wa dirishani alipunga mkono. Mama yeyote angepunga. Kisha mkono ukasimama katikati ya hewa. Akaegemea mbele mpaka paji la uso likagusa kioo. Akamnyooshea Héritière kidole, akajishika kichwa kwa mikono miwili, akakitikisa huku na huku kama mtu aliyefikiwa na msiba. Akanyoosha kidole tena, mara hii kwa André, akafanya ishara ya kusuka, akafungua mikono: nani amefanya hivi?

Héritière akapiga yowe la kicheko. Lilimtoka kifuani bila kumwomba ruhusa, na machozi yakaja nyuma yake papo hapo. "Ni Papa," alipaza sauti kuelekea juu, kwa Kiswahili. "Papa ndiye amenisuka. Mama, ni Papa."

Juu kule mabega ya Marthe yalikuwa yakitikisika. Sista akaweka mkono juu yake kumtuliza, kisha mwenyewe akachungulia kuona nywele hizo, naye akajifunika mdomo. Hénock alirukaruka, akauliza kama mtoto wa tumboni anawaona. Watu waliosimama na mifuko yao wakapunga mikono pia, kila mmoja kwa dirisha analolijua yeye.

Haikudumu. Kilemba cha rangi ya chungwa kikarudi nyuma, dirisha likafungwa, kioo kikawa cheupe tena. Héritière akaendelea kukitazama kidogo. Kisha akaja akamshika baba yake mkono, ule usio na mpini.

"Amenenepa," alisema.

"Ndiyo. Wanampa chakula kizuri, na hatembei."

"Anaumwa?"

"Siku nyingine anaumwa. Leo hapana."

Akapima jibu hilo. "Sawa," alisema, wakaenda garini, ambako Kagendo alikuwa amejifanya anatafuta kitu kwenye mkoba kwa muda mrefu sana.

Mtoto alizaliwa katikati ya Agosti, siku ya upepo wa vumbi, akiwa mdogo lakini mwenye sauti. André alikuwa amekwisha kurudi kazini. Alitoka getini alfajiri, akapita hospitali, akafika nyumbani bado amevaa sare, watoto wakiwa wanakunywa uji kwa Kagendo.

"Ni wa kike," aliwaambia. "Mama yuko muzuri, amechoka. Mtoto atakaa kwenye kijumba cha kioo siku kadhaa, kwa sababu ni mdogo. Sijue siku ngapi."

Héritière aliweka kijiko chini. "Ni mzuri?"

André alivua kofia, akakumbuka alichokiona: uso mwekundu uliokunjwa kama ngumi, nywele mpaka kwenye paji la uso.

"Bado," alisema.

Binti yake alimchunguza uso, akaridhika, akachukua kijiko chake.